ASKARI AKIUAWA, NANI ANABEBA DAMU YAKE?



Leo nataka tuongee jambo ambalo tunalijadili maskani na kwenye magrupu ya WhatsApp, lakini mbele za watu tunalinyamazia. Askari polisi akiuawa, nani anabeba damu yake kisheria? Ni aliyemuua peke yake? Ni wote waliokuwepo? Ni msikiti? Ni mtaa mzima? Au ni serikali iliyomtuma?

Nauliza kwa sababu wewe na mimi tunajua kinachofuata. Habari inatoka alasiri. Kufika isha mtaa umeshazingirwa. Kijana aliyetumwa mkate dukani analala seli. Mama yake anazunguka kituo hadi kituo, kila mahali anaambiwa hayumo. Na wewe mwenye ndevu na kanzu umeshahukumiwa kabla hata jina lako halijaandikwa kwenye OB.

Nauliza pia kwa sababu ya pili, na hii hatupendi kuisikia. Habari ya askari kuuawa ikitoka, kuna baadhi yetu wanaoandika "alhamdulillah". Wengine wanaweka vikatuni vya kucheka. Nimeziona hizo, na wewe umeziona. Tukawa kimya.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usinielewe vibaya. Anayemuua askari anabeba damu hiyo yeye, kwa jina lake, pamoja na yule aliyemsaidia au kumtuma. Hakuna mwingine. Na kipimo hicho hicho kinamhusu askari anayemuua kijana wetu. Ukikikubali upande mmoja ukakikataa upande wa pili, huna haki unayoipigania. Una hasira tu.

SHERIA INASEMA NINI

Kesi ya mauaji Kenya inasikizwa Mahakama Kuu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 203, inasema muuaji ni mtu aliyesababisha kifo cha mwenzake kwa kitendo kisicho halali au kwa kuacha wajibu, akiwa na nia mbaya. Angalia vizuri, hapo kuna mambo matatu. Lazima kuwe na kifo kinachojulikana kimetokana na nini. Lazima kuwe na kitendo cha mtu fulani kilicholeta kifo hicho. Na lazima kuwe na nia. Upande wa mashtaka ndio unaobeba kazi ya kuthibitisha yote matatu, bila shaka yoyote ya maana. Wewe huna kazi ya kuthibitisha kwamba hukuua.

Nia nayo ina maana pana kuliko tunavyodhani. Kifungu cha 206 kinasema haitoshi kujitetea ati "sikutaka afe". Ukikusudia kumjeruhi vibaya tu na akafa, nia ipo. Ukijua kwamba unachofanya huenda kikaua, ukaendelea, nia ipo. Na hili wachache wanalijua: ukimuua mtu kwa lengo la kumtorosha mwenzako aliyefanya kosa kubwa na yuko mikononi mwa polisi, hiyo nayo inahesabiwa kuwa nia ya kuua. Kwa hivyo wale wanaosema "tulikuwa tunamnyang'anya tu jamaa yetu" wajue wanacheza na nini.

Adhabu ya mauaji kwenye kitabu ni kifo. Mwaka 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba si lazima kila anayepatikana na hatia ya mauaji ahukumiwe kifo. Jaji ana uhuru wa kuangalia mazingira. Na Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Lakini usidanganyike na hilo. Miaka 30 Shimo la Tewa au Kamiti ni ujana wako wote. Unaingia mama yako akiwa na nguvu, unatoka hayupo.

HAPA NDIPO VIJANA WANAPONASWA

Sasa sikiza kwa makini, maana hili ndilo linalowapeleka ndani vijana ambao mikono yao haikugusa mtu.

Kifungu cha 20 kinasema mwenye kosa si aliyechoma kisu peke yake. Aliyemsaidia, aliyemchochea, aliyempa ushauri, aliyemtuma, wote wanahesabiwa wametenda. Kifungu cha 21 kinaenda mbali zaidi. Watu wawili au zaidi wakiwa na nia ya pamoja ya kufanya jambo lisilo halali, na katika kulifanya kukatokea kosa ambalo mtu mwenye akili angelitarajia, basi kila mmoja wao anahesabiwa amelitenda.

Tuseme mnakwenda ishirini na mawe na mapanga kuvamia kituo. Wewe una jiwe, jirani yako ana panga. Askari anakatwa anakufa. Wewe utasema, "Mimi nilikuwa na jiwe tu." Mahakama itakuuliza: mlikuwa mnakwenda kufanya nini? Ulimuona mwenzako na panga? Ulidhani lina kazi gani?

Lakini sheria hiyo hiyo ina mpaka wake, na mpaka huo ni ngao yako. Kuwepo tu mahali si kosa. Kuswali msikiti mmoja na muuaji si nia ya pamoja. Kusikiliza darsa moja si nia ya pamoja. Kuwa jirani, kuwa kabila moja, kuwa ndugu wa damu, hakuna hata moja linalotosha. Nia ya pamoja inathibitishwa kwa vitendo: ulisema nini, ulibeba nini, ulifanya nini kabla, wakati na baada. Anayekushtaki aonyeshe vitendo VYAKO.

Na jambo la simu. Ujumbe wa sauti uliotuma saa tatu usiku ukisema "kesho tukawamalize" ni kitendo. Ukidhani ulikuwa unapunguza hasira, mwendesha mashtaka atausoma kama uchochezi. Na mahakamani hutaweza kusema ulikuwa unatania, maana kuna mtu aliyekufa kesho yake.

Swali jingine ninaloulizwa sana: "Je, kama askari amenikamata bila haki?" Jibu ni kwamba kukamatwa kinyume cha sheria hakukupi ruhusa ya kuua. Kanuni ya Adhabu inasema ukamataji wa aina hiyo si lazima uhesabiwe kuwa uchokozi, ila unaweza kuwa ushahidi wa uchokozi kwa mtu aliyejua kwamba ukamataji ule si halali. Uchokozi ukikubaliwa unaweza kushusha shtaka la mauaji likawa la kuua bila kukusudia, ambalo nalo linaweza kukufunga maisha. Kujitetea pia kupo katika sheria, mtu akikabiliwa na hatari ya kweli, kwa nguvu inayolingana na hatari yenyewe. Lakini anayeamua kama ulikuwa unajitetea ni jaji, miezi au miaka baadaye, akiwa ametulia kitini. Usijipangie maisha yako kwa matumaini hayo.

MASJID MUSA, NA YALIYOFUATA

Wengi wenu mlikuwa watoto wadogo mwaka 2014. Tarehe 2 Februari, siku ya Jumapili, polisi waliuvamia Masjid Musa, Majengo, Mombasa, vijana wakiwa ndani kwenye mkutano. Waliingia na viatu, wakapiga risasi. Vijana waliuawa. Afisa mmoja wa polisi alidungwa kisu akafa. Zaidi ya watu 100 walikamatwa, wakiwemo watoto. Kijana mmoja, ambaye picha zilimwonyesha akiwa mikononi mwa polisi, hakuonekana tena.

Afisa yule aliuawa na mtu. Pengine wawili, pengine watatu. Haiwezekani watu zaidi ya mia moja walishika kisu kimoja. Basi unapowakamata wote, watoto kwa wazee, umeacha kutafuta muuaji. Umetafuta idadi. Mtu mmoja mwenye hatia akifichwa ndani ya watu mia wasio na hatia, ushahidi wake unapotea. Mashahidi wanaogeuzwa washukiwa hawasemi kitu. Nguo haziwekwi vizuri, visu havichunguzwi, na mwisho mjane wa askari hapati jibu, na mama wa kijana aliyepotea hapati jibu. Wote wawili wanalia, serikali imetoa taarifa kwa vyombo vya habari ikasema kazi inaendelea.

Novemba mwaka huo huo misikiti ya Mombasa ilivamiwa tena, Musa na Sakina ikiwa miongoni mwake. Mamia wakakamatwa. Usiku huo genge la vijana liliingia Kisauni na visu likaua wapita njia. Watu hao hawakuwa askari. Hawakuvamia msikiti wowote. Walikuwa wanarudi makwao.

Siku chache baadaye, tarehe 22 Novemba, al-Shabaab walisimamisha basi Mandera, wakawatenga abiria wasio Waislamu, wakawaua watu 28. Wakasema ni kisasi cha misikiti ya Mombasa.

Tafakari hapo, ndugu yangu. Polisi walisema: mmoja wenu ameua, basi nyote ni wauaji. Wale wa Kisauni wakasema: wenzenu wametuvamia, basi yeyote atatosha. Wale wa Mandera wakasema: serikali yenu imeingia msikitini, basi abiria wa basi alipe. Ni hoja moja hiyo hiyo imepita mikono mitatu. Aliyekufundisha kwamba hoja hiyo ni haramu ikiwa kwa polisi na ni halali ikiwa kwetu amekudanganya.

Na mchezo huu haukuanza 2014. Wazee wa Garissa watakusimulia Novemba 1980, maofisa wa serikali walipouawa mjini, Bulla Kartasi ikachomwa na raia wakakusanywa uwanjani. Watakusimulia Novemba 2012, wanajeshi watatu walipopigwa risasi Garissa, na soko likateketea. Waliouza nyanya na vitambaa pale sokoni walilipa deni la mtu ambaye hawakumjua. Nyumba ikichomwa, muuaji hatakuwa ndani yake. Yeye alishaondoka zamani.

DINI YETU INASEMAJE

Hili si la wanasheria pekee. Kanuni ya kwamba hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine imekuja katika Qur'ani mara kadhaa: tazama Suratul An'aam aya ya 164, Suratul Israa aya ya 15, Suratu Faatir aya ya 18. Kasome mwenyewe na tafsiri yake. Katika Suratul Maaida, aya ya 8, tunaonywa kwamba chuki yetu kwa watu isitufanye tuache uadilifu. Aya hiyo inazungumza na sisi. Inazungumza na mtu aliyeonewa, mwenye sababu ya kuchukia, na bado anaambiwa: fanya uadilifu.

Najua kuna mwanafunzi wa fiqhi atakayesema, "Lakini ustadh, si kuna diya ambayo ukoo unalipa?" Ni kweli ipo. Ila angalia inahusu nini. Ukoo unamsaidia ndugu yao kulipa fidia pale alipoua bila kukusudia, ili familia ya aliyekufa isikae mikono mitupu. Ukoo unabeba pesa. Haubebi dhambi, haubebi jela, na hakuna mtoto wa ukoo anayevunjwa mbavu ili deni liishe. Anayeua kwa makusudi anabeba mwenyewe.

Na usisahau askari ni nani. Katika askari wanaouawa na mabomu ya kutegwa barabarani huko Garissa, Wajir, Mandera na Lamu, wamo Waislamu. Wana mama wanaowaombea dua baada ya fajr kama mama yako anavyokuombea. Na yule asiye Mwislamu naye ana mama. Unapoandika "alhamdulillah", kuna mtu anayeweza kukusoma akiwa amebeba jeneza.

ALIYEMTUMA JE?

Tusiishie kwa aliyeshika kisu, maana kuna jukumu la pili, na serikali hupenda tulisahau.

Aliyepanga kumwingiza askari mahali penye watu mamia, bila mpango, bila mazungumzo na wazee wala maimamu, bila vifaa vya kumkinga, ana la kujibu. Hana hatia ya mauaji kwa sababu hiyo tu, tusichanganye mambo. Lakini kuna kosa la uongozi, kuna uzembe, na kuna haki ya familia ya askari kuuliza: nani alitoa amri, kwa taarifa gani, na kwa nini mwanetu alirudi ndani ya jeneza? Familia hiyo inastahili fidia na inastahili ukweli. Kamanda anaposimama mbele ya kamera na kuwatupia lawama vijana wote wa msikiti, mara nyingi anajikinga na swali hilo.

Kwa hivyo tunapodai uchunguzi, tunaudai kwa ajili ya askari pia. Risasi iliyomuua ilitoka bunduki gani? Kisu kiko wapi? Daktari aliyechunguza maiti amesema nini? Katika purukushani, usiku, na moshi wa machozi, mtu anaweza kupigwa hata na risasi ya mwenzake. Bila uchunguzi huwezi kujua, na asiyetaka uchunguzi ana sababu yake.

KIPIMO HICHO HICHO KWA POLISI

Mnaikumbuka kesi ya wakili Willie Kimani. Juni 2016 aliuawa pamoja na mteja wake na dereva wa teksi, miili ikatupwa mtoni. Hakuna mtu aliyekwenda kukamata polisi wote wa Kenya. Walishtakiwa watu watano, maafisa wanne na mpasha habari wao mmoja. Kesi ikachukua miaka. Julai 2022 Mahakama Kuu ilitoa hukumu: wanne wakapatikana na hatia, mmoja AKAACHILIWA kwa kuwa ushahidi dhidi yake haukutosha. Februari 2023 adhabu zikatolewa, na zikatofautiana. Mmoja kifo, mwingine miaka 30, mwingine 24, na mpasha habari 20.

Hivyo ndivyo sheria inavyotakiwa kufanya kazi. Walisimama kizimbani pamoja, lakini kila mmoja akapimwa peke yake kwa alichokifanya. Hata yule aliyevaa sare moja na wauaji hakufungwa kwa sare.

Swali langu kwa wakuu wa usalama ni jepesi. Kama afisa wa polisi anastahili kupimwa peke yake, kwa nini kijana wa Majengo, wa Eastleigh, wa Bondeni, wa Likoni hastahili? Katiba haina vifungu viwili, kimoja cha sare na kimoja cha kanzu. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa dini. Kifungu cha 25 kinataja haki ambazo haziwezi kupunguzwa hata kidogo: kutoteswa, kushtakiwa kwa haki, na mahakama kuamuru mtu aliyezuiliwa aletwe mbele yake. Hakuna mahali palipoandikwa "isipokuwa askari akiuawa".

Na askari anayesoma hapa, najua mnasoma, ajue hivi: Sheria ya Huduma ya Polisi ya mwaka 2011 inasema amri ya mkubwa wako si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Ukimpiga mshukiwa mpaka akafa kwa uchungu wa mwenzako, kesi ni yako. Aliyekutuma atakuwa amestaafu.

SASA WEWE UFANYE NINI

Nakuachia mambo machache ya kushika.

1. Habari ya askari kuuawa ikitoka, usishangilie na usisambaze. Hujui nani ameua, na hujui kama habari yenyewe ni kweli. Suratul Hujuraat aya ya 6 inatutaka tuchunguze habari kwanza.

2. Ukiwa kwenye maandamano au mkusanyiko na ukaona mtu katoa silaha, ondoka. Ondoka waziwazi, waambie wenzako "mimi simo". Kutoka kwako mapema ni ushahidi kwamba nia yenu haikuwa moja. Kubaki ukirekodi video karibu yake kutakuletea maswali.

3. Kama umeona aliyeua, usimfiche. Wengi mtanikasirikia hapa. Lakini kumficha muuaji ukijua alichofanya ni kosa, na kila siku anayokaa mafichoni ni siku ya vijana wengine kupigwa kwa niaba yake. Kama unaogopa kituo, na nakuelewa, pitia kwa wakili, kwa imamu, au kwa shirika la haki. Usiende peke yako.

4. Ukikamatwa, kifungu cha 49 cha Katiba ni chako. Uambiwe sababu kwa lugha unayoielewa. Unyamaze ukitaka. Uongee na wakili. Ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa saa hizo zimeishia siku isiyo ya kazi. Wakitaka kukuzuia zaidi, mahakama ndiyo iamue, si OCS. Taja jina lako kwa sauti kwa watu waliosimama hapo. Hakikisha limeandikwa OB.

5. Usisaini kitu usichokisoma. Kukiri kosa kuna utaratibu wake: mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa cheo kinachotajwa na sheria ambaye si yule anayechunguza kesi yako, na uwe na mtu wa tatu uliyemchagua wewe. Karatasi uliyosaini saa nane usiku baada ya makofi inaweza kupingwa mahakamani. Mwambie wakili wako mapema, muonyeshe alama mwilini, uombe daktari.

6. Ndugu yako akipotea baada ya kukamatwa, usingoje. Wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu siku hiyo hiyo kuomba polisi waamriwe wamlete. Wapelekee taarifa IPOA pia. Andika saa, mahali, nambari ya gari, na majina ya walioona. Kumbukumbu ya mama ni kali, lakini mahakama inataka maandishi.

Namalizia na hili. Tumezoea kulilia vijana wetu, na tuna haki ya kulia. Lakini siku askari akiuawa, sisi tuwe wa kwanza kusema: atafutwe aliyeua, ashtakiwe kwa jina, na ushahidi uletwe hadharani. Tuseme bila kusukumwa na mtu na bila kuogopa kuitwa vibaraka. Tukilisema hilo kwa dhati, tutakuwa na uso wa kusimama kesho yake mbele ya lori la polisi na kuuliza: hawa mliowapakia, kila mmoja amefanya nini?

Swali hilo linawaumiza kuliko jiwe. Jiwe wana jibu lake.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliouawa bila haki, awape subira wajane na mayatima wa pande zote, na awarudishe majumbani vijana waliopotezwa, au awape familia zao angalau kaburi la kulizuru. Aamin.

Msomee na mwenzako asiyependa kusoma, hasa yule mwenye hasira.

Wassalaam alaykum.